VIAZI VYA MAZIWA NA JIBINI



Mwezi huu twataka kunena habari za chakula kimoja cha viazi, kinachopikwa kwa maziwa na malai, kikafunikwa kwa jibini, kisha kikaokwa mpaka juu yake pafanyike ukoko wa rangi ya dhahabu. Wengi wamepata kukiona mezani pa wageni au hotelini, wakasema moyoni, "Hiki ni chakula cha wenye fedha, sisi hatukiwezi." Neno hilo si kweli, tena lina hasara. Viazi na maziwa ndiyo mali ya nyumba nyingi za milimani kwetu, huko Usambara, na Njombe, na Limuru, hata Kivu. Nyumba yenye vitu hivyo huviuza vyote sokoni, kisha siku ya karamu hukopa fedha ili inunue vyakula vya dukani. Basi someni mpaka mwisho, mpate kupima wenyewe.

ASILI YA CHAKULA HIKI

Kila chakula kina kwao. Kwao chakula hiki ni Dauphiné, jimbo la kale la Ufaransa, upande wa kusini mashariki, pale milima ya Alps inapoanza kuinuka. Wafaransa hukiita gratin. Jina hilo latoka katika neno la kukwangua, maana hapo kale lilikuwa jina la kile kilichoshika sufuria kikakwanguliwa. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni ukoko tu. Kila mtu aliyegombea ukoko wa wali na ndugu zake utotoni aujua utamu wake. Tofauti ni hii, ya kuwa ukoko wa wali uko chini, nao huu uko juu, hata kila aketiye mezani hupata sehemu yake bila ugomvi.

Habari ya zamani ijulikanayo ya chakula hiki ni ya tarehe 12 Julai 1788. Siku hiyo, katika mji wa Gap, mkubwa mmoja wa jimbo, Duke wa Clermont-Tonnerre, aliwaalika wasimamizi wa mji chakulani, na viazi hivi vikaletwa mezani. Walakini msidhani ya kuwa kilitungwa katika nyumba za wakubwa. Vitu vyake ni vya wakulima wa milimani, yaani viazi vya shamba, maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, na moto wa jiko lililokuwa likiwaka hata hivyo kwa ajili ya baridi.

Wala viazi vyenyewe havikuwa vya Ulaya tangu mwanzo. Vilimwa kwanza na wenyeji wa milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia, maelfu ya miaka kabla ya Mhispania yeyote kuviona. Wahispania waliwaletea watu wa Ulaya katika karne ya 16. Hao nao hawakuvipokea kwa furaha. Katika Ufaransa watu wengi walisema ya kuwa viazi vyaleta ukoma, na mwaka 1748 baraza la Paris likakataza visilimwe. Kisha akatokea Antoine-Augustin Parmentier, mfanya dawa wa jeshi. Huyu alishikwa na Waprusi katika vita vya mwaka 1756 hata 1763, akalishwa viazi kifungoni, akajiona yu mzima. Aliporudi kwao akafanya bidii kuwafundisha watu, hata mwaka 1772 waganga wa chuo cha Paris wakakiri ya kuwa viazi ni chakula kisicho na madhara. Basi hesabuni wenyewe: tangu mwaka huo hata karamu ile ya Gap ni miaka 16 tu. Kitu kilichodharauliwa na kuogopwa kikafika meza ya mkubwa wa jimbo.

Kwetu sisi viazi hivi vililetwa na wageni wa Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo sababu wazee waliviita viazi ulaya. Watu wa pwani huviita mbatata. Lakini tumekwisha kuona ya kuwa Wazungu nao walifundishwa na watu wengine. Kwa hiyo mtu asione haya kupika chakula cha kwao wengine, wala asijivune kwacho. Chakula hakina kabila.

HABARI ZA JIBINI

Wakristo wengi hulijua jina la jibini kwa kulisoma katika Maandiko, ingawa hawajaionja. Yese alipomtuma Daudi kuwatazama ndugu zake vitani, alimpa chakula chao, na pamoja nacho jibini kumi za mkubwa wa kikosi chao. Jibini si kitu kigeni tena kwetu. Karibu na Lushoto, katika shamba la Irente lililo la Kanisa la Kilutheri, jibini hutengenezwa. Katika milima ya Masisi, huko Kivu, wafugaji hutengeneza ile ijulikanayo mbali kwa jina la jibini ya Goma.

Jibini ni nini? Ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji yake, yakatiwa chumvi, yakawekwa. Maziwa mabichi hayakai siku mbili, bali jibini ngumu hukaa miezi. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa karibu kilo 1 ya jibini ngumu. Ndiyo maana watu wa Alps, ambao ng'ombe zao hukamuliwa kwa wingi wakati wa majani, walijifunza kuyahifadhi maziwa ya kiangazi wapate kula wakati wa theluji.

Hapo katika milima ya Savoy, jirani ya Dauphiné, husimuliwa habari ya jibini moja iitwayo reblochon. Wakulima walilipa kodi ya malisho kwa kadiri ya maziwa waliyokamua. Basi mkaguzi alipokuja kupima, hawakukamua mpaka mwisho. Alipokwisha kwenda zake, wakawarudia ng'ombe wakakamua mara ya pili, na kwa maziwa hayo wakafanya jibini ya nyumbani. Jina lenyewe la jibini hiyo latokana na neno la kukamua tena. Hatuwasifu kwa hila yao. Lakini jambo moja walilijua vema, nalo ni kweli hata leo, ya kuwa maziwa yatokayo mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Sisi hatuna haja ya kumficha mtu. Yatosha mama wa nyumba aseme waziwazi, "Haya ya kwanza ni ya kuuza, na haya ya mwisho ni ya watoto."

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu sita: viazi kilo 1, maziwa nusu lita, malai kikombe 1 cha robo lita, jibini gramu 150, siagi kijiko 1 cha mezani, chumvi kijiko 1 cha chai, kitunguu saumu punje 1, pilipili manga kidogo, na kungumanga kidogo sana ikiwa ipo. Hakuna unga, wala mayai. Wenyeji wa Dauphiné wenyewe, walio wakali kwa desturi zao, hawatii hata jibini. Jibini hutiwa na jirani zao wa Savoy, na watu wengi wa nchi nyingine wamewafuata hao.

Malai haina haja ya kununuliwa. Chemsheni maziwa jioni, kama lita 2 au 3, yaacheni yapoe katika chombo kipana kilichofunikwa, myaweke mahali pa baridi. Asubuhi mtaona malai imeganda juu, mwiondoe kwa kijiko kipana. Isipotosha, ongezeni siagi kidogo.

Na asiyepata jibini ngumu aweza kufanya jibini nyeupe nyumbani. Twaeni lita 4 za maziwa, myapashe moto mpaka yakaribie kuchemka, mwepue. Tieni maji ya ndimu yaliyochujwa kidogo kidogo, kama nusu kikombe, mkikoroga pole pole, hata maziwa yakatike na maji yawe ya kijani hafifu. Chujeni kwa kitambaa safi, tieni chumvi, fungeni, wekeni jiwe juu yake kwa saa mbili. Mtapata karibu nusu kilo. Jibini hii haiyeyuki kama ile ngumu, lakini ikivunjwavunjwa juu ya viazi pamoja na siagi hupata rangi nzuri na ladha njema.

JINSI YA KUPIKA

Kwanza, osheni viazi vikiwa na maganda yake, ndipo mmenye. Vikateni vipande vyembamba vya mviringo, unene wa milimita 3, vyote sawasawa. Vikiwa vinene na vyembamba pamoja, vingine vitavunjika na vingine vitakuwa vibichi.

Pili, vikiisha kukatwa msivioshe tena. Hapa ndipo wapishi wengi wanapopotea. Yale maji meupe yanayotoka katika kiazi ni wanga, na wanga huo ndio utakaoyafanya maziwa kuwa mazito. Mtu aliyeuosha wanga akaumwaga huona maziwa yake mepesi kama maji, kisha hutafuta unga wa kuyasaidia. Mungu amekwisha kuutia unga ndani ya kiazi.

Tatu, tieni vipande katika sufuria pamoja na maziwa, malai, chumvi, pilipili manga na kungumanga. Telekeni juu ya moto wa pole kwa dakika 10, mkikoroga taratibu ili visishike chini, mpaka maziwa yaanze kuwa mazito. Msiache yachemke kwa nguvu, maana moto mkali hukata maziwa.

Nne, sugueni bakuli la kuokea, au sufuria pana, kwa kitunguu saumu kilichokatwa, kisha pakeni siagi. Mimineni viazi na maziwa yake, msawazishe juu. Kimo kisizidi vidole vitatu, ili joto lipenye.

Tano, okeni katika tanuri ya moto wa kadiri, digrii 160, kwa dakika 45 hivi, hata kisu kipenye bila kuzuiwa. Ndipo mtie jibini iliyokunwa juu yake, mrudishe kwa dakika 15 au 20. Jibini ikitiwa tangu mwanzo huungua na kuwa chungu kabla viazi havijaiva.

Sita, ipueni, mkiache chakula kitulie dakika 10 au 15. Maziwa yatashikana, na vipande vitakatika vizuri. Anayepakua upesi hupata mchuzi.

ASIYE NA TANURI

Mtu atasema, "Sina tanuri." Nami namjibu, Je! mama zetu wa pwani huokaje mkate wa kumimina? Huupalia moto. Makaa huwekwa chini na juu ya kifuniko, na mkate huiva pande zote. Kazi ni hiyo hiyo. Twaeni sufuria kubwa yenye chini nene, tandazeni ndani mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, wekeni bakuli la viazi juu ya mchanga, funikeni kwa kifuniko kipana cha chuma au bati. Tieni makaa machache chini, na mengi zaidi juu. Kwa robo saa ya mwisho ongezeni ya juu, mpunguze ya chini. Mwanamke ajuaye kupalia hana la kujifunza hapa kwa Mfaransa yeyote.

Lakini sharti mfanye kazi hiyo nje, au penye hewa nyingi. Moshi wa makaa usioonekana huua watu waliojifungia chumbani, nao mara nyingi hawaitambui hatari mpaka nguvu zimewaishia. Kamwe msipeleke jiko la makaa chumba cha kulala wakati wa baridi.

MAMBO YA KUANGALIA

La kwanza ni viazi vyenye rangi ya kijani. Kiazi kikikaa penye mwanga hugeuka kijani, na pamoja na rangi hiyo huongezeka sumu ndani yake, nayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mtu akila nyingi huumwa tumbo, hutapika, na kichwa humwuma, na watoto wadogo huumia upesi zaidi. Kiazi chenye doa dogo la kijani kikateni sehemu hiyo kwa kina, na macho yaliyochipua pia. Kilichogeuka kijani sana, au kilicho kichungu, kitupeni. Wekeni viazi gizani, mahali pakavu penye hewa.

La pili ni maziwa. Yachemsheni sikuzote kabla ya kuyatumia, hata ya kufanyia jibini nyeupe. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe. Yaweza pia kuleta ugonjwa ule unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, ambao kwa mwanadamu huleta homa ya siku nyingi na maumivu ya viungo. Kuna nyumba ambazo zimemwuguza mtu kwa homa kama hiyo miezi mingi, zikidhani ni malaria au uchawi, na sababu yake ilikuwa kibuyu cha maziwa mabichi. Waalimu, wafundisheni watoto neno hili bila kuchoka.

La tatu ni masalio. Chakula cha maziwa hakilali jikoni penye joto. Kilichobaki kiwekwe mahali pa baridi upesi, na kesho kipashwe moto mpaka kichemke kabisa. Ikiwa hamna mahali pa baridi, pikeni kadiri ya watu waliopo, au mwite jirani.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Sasa twarudi kwenye jambo la nyumba. Hatusemi msiuze maziwa. Karo za shule hazilipwi kwa viazi, na mkulima ana haki ya kupata fedha kwa jasho lake. Lakini tazameni hesabu hii. Ng'ombe akitoa lita 6 kwa siku, baba akaziuza zote 6, jioni mtoto aliyeachishwa ziwa hupewa viazi vilivyochemshwa kwa maji na chumvi. Viazi vyamshibisha, vyampa nguvu ya kucheza, lakini vina kidogo sana cha kuujenga mwili wake. Lita 1 iliyobaki nyumbani ingalitosha kumpa kikombe chake yeye na ndugu zake, na kila siku malai kidogo ingaliwekwa kwa karamu ya Jumapili. Si haki mtoto akue katika nyumba yenye ng'ombe bila kuyajua maziwa.

Tena kuna habari za karamu. Siku ya ubatizo, au ya kipaimara, au ya ndoa, twaona nyumba zikikopa ili zisichekwe. Wageni hula, hushukuru, huenda zao, na deni hubaki likilala katika nyumba ile mwaka mzima, na ugomvi wa mume na mke hulala pamoja nalo. Chakula hiki cha viazi chaweza kuheshimu meza yoyote, na karibu vitu vyake vyote vyatoka shambani na zizini. Mgeni akiona ukoko ule wa dhahabu hataulizia nyama kwanza.

Lakini kiwe chakula cha siku kuu, kisiwe cha kila siku. Malai, siagi na jibini ni mafuta mengi na chumvi nyingi, wala haviwafai sana watu wazima wenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu. Mezani kiwekwe pamoja na mboga za majani, mchicha au sukuma, na kila mtu apewe sehemu ya kiasi.

Tena baba wa nyumba asikae barazani akingoja harufu. Kumenya kilo tatu za viazi kwa ajili ya wageni ni kazi, na mikono miwili haitoshi. Mwanamume Mkristo hapunguki heshima kwa kushika kisu cha kumenyea. Wavulana wafundishwe pamoja na wasichana, maana kijana aendaye masomoni au kazini mbali atajipikia mwenyewe.

Basi ndugu, wakati wa viazi vipya utakapokuja, msivipakie vyote katika magunia. Wekeni debe moja nyumbani, wekeni na lita moja ya maziwa, washeni makaa machache, mkangoje kwa saburi. Chakula hiki hakitaki fedha nyingi, chataka moto wa pole na mtu asiye na haraka. Na mkiisha kushukuru, mkwangueni ukoko pamoja, wakubwa kwa wadogo.

Bwana azibariki nyumba zenu na kazi ya mikono yenu. Wasalaam.